Kukaza bolti za menifoldi ya hewa kwenye injini yenye supachaja: mwongozo kamili

Fundi akishaona supachaja juu ya injini, yaani pampu inayosukuma hewa ndani yake kwa presha, mara nyingi mkono unakuwa mzito. Hoja yake inaonekana ina mantiki: hewa inaingia kwa presha, kwa hiyo menifoldi, ile sehemu inayogawa hewa kwa silinda, itataka kunyanyuka, kwa hiyo bolti zikazwe kuliko kawaida. Kinachofuata ni meno ya alumini ndani ya shimo (mikato inayoshika bolti) kutoka pamoja na bolti, au sikio la menifoldi kupasuka, na gasketi, kizibo cha kati ya nyuso mbili, inavuja vilevile. Kabla hatujashika spana, tufanye hesabu ndogo.

Chukua tundu moja la kuingizia hewa lenye eneo la sentimita 20 za mraba. Supachaja ikisukuma bar 0.7 juu ya presha ya kawaida ya hewa, nguvu inayojaribu kuitenga menifoldi na silinda hedi kwenye tundu hilo ni kama nyutoni 140, yaani uzito wa kilo 14 hivi. Sasa angalia upande wa bolti. Bolti moja ya M8 (unene wa milimita 8), safi na kavu, ikikazwa kwa Nm 22 (nyutoni mita, kipimo cha torki, yaani nguvu ya kuzungushia) inabana kwa takriban nyutoni 13,700. Huo ni mzigo wa karibu kilo 1,400, na kila tundu kwa kawaida lina bolti mbili zinazolihudumia. Presha ya supachaja haifiki hata asilimia moja ya mbano huo.

Kwa hiyo tatizo halipo kwenye ukubwa wa nguvu. Gasketi inavuja kwa sababu mbano hauko sawa: bolti moja imebana kweli, jirani yake imegota chini ya shimo lake, ya tatu ilikazwa ikiwa na oili kwenye meno, na menifoldi imelala upande. Injini isiyo na supachaja inakusamehe uzembe huo kwa muda mrefu, kwa kuwa kwake menifoldi inanyonya tu. Yenye supachaja haikusamehei. Gari likiwa limesimama na injini inazunguka taratibu, ndani ya menifoldi kuna mvuto. Ukikanyaga mafuta kunageuka kuwa presha. Gasketi inavutwa ndani, inasukumwa nje, mara nyingi katika safari moja. Ongeza mtikisiko, joto, na mkanda unaovuta supachaja upande mmoja muda wote, utaona kwa nini kazi hii inataka utaratibu kuliko misuli.

Jua kwanza unakaza nini

Supachaja zimepangwa kwa namna mbili kubwa. Ya kwanza ni ile inayokaa juu ya injini, mara nyingi katikati ya injini ya V (yenye safu mbili za silinda), yenye rota mbili ndefu. Hii inafungwa juu ya menifoldi ya chini, au yenyewe na menifoldi ni kitu kimoja. Ya pili ni yenye feni la mzunguko, inayokaa mbele ya injini na kupeleka hewa kwa bomba hadi menifoldi ya kawaida ya kiwandani.

Kwenye aina ya pili kazi ya bolti za menifoldi ni ileile ya injini yoyote, ila klampu za mabomba zinakuongezea mahali pa kuvuja. Kwenye aina ya kwanza una tabaka mbili, wakati mwingine tatu: menifoldi kwa silinda hedi, supachaja kwa menifoldi, na katikati yao kipozeo cha hewa. Kila tabaka lina gasketi yake, torki yake na mpangilio wake. Usichukue namba ya tabaka moja ukaipeleka kwenye lingine kwa sababu tu bolti zinafanana kichwa.

Namba sahihi iko kwenye kitabu cha huduma cha injini yako, na kama supachaja ilifungwa baadaye, iko kwenye maelekezo yaliyokuja nayo. Kwa kupata picha tu: bolti za M6 kwenye alumini huwa kati ya Nm 8 na 12, za M8 kati ya Nm 18 na 25. Lakini aina ya gasketi na menifoldi hubadilisha mambo. Injini za V8 za GM za familia ya LS zenye menifoldi ya plastiki, kwa mfano, hukazwa raundi ya kwanza Nm 5 na ya mwisho Nm 10. Ukiweka Nm 20 hapo kwa mazoea, umeharibu.

Na soma kipimo vizuri. Vitabu vya Marekani huandika lb-ft (pauni-futi) au lb-in (pauni-inchi), na vyote viwili huweza kuwa kwenye ukurasa mmoja. Nm 10 ya LS niliyoitaja huandikwa 89 lb-in. Mtu akiisoma kama 89 lb-ft anakuwa anakaza Nm 120, na bolti itakatika muda mrefu kabla spana ya torki haijalia kukuambia torki imefika. 1 lb-ft ni Nm 1.356, 1 lb-in ni Nm 0.113. Andika namba yako ya mwisho kwa Nm kwenye kipande cha gundi ya karatasi, ibandike mahali unapoiona unapofanya kazi.

Spana ya torki

Unahitaji spana ambayo torki yako iko katikati ya uwezo wake, si kwenye ncha. Spana ya Nm 20 hadi 200 haifai kukaza Nm 22. Iko pembezoni mwa kipimo chake na hutaihisi ikilia. Tafuta ndogo, kama ya Nm 5 hadi 25 kwa bolti za M6 au 10 hadi 50 kwa za M8. Usiitumie kufungulia bolti. Ukimaliza irudishe kwenye namba yake ya chini kabisa iliyochorwa, usiilegeze zaidi ya hapo.

Bolti za nyuma ya menifoldi mara nyingi hujificha chini ya ukuta wa kabini, na soketi haiingii. Hapo watu wengi huacha spana ya torki na kukadiria kwa mkono, na hapo ndipo uvujaji huanzia. Tumia kichwa cha spana bapa kinachochomekwa mwisho wa spana ya torki. Ukikichomeka kimeelekea mbele, urefu wa spana unaongezeka na torki halisi inakuwa kubwa kuliko uliyoweka. Rekebisha hivi: zidisha torki unayotaka kwa urefu wa spana, kisha gawanya kwa urefu wa spana ukijumlisha na urefu wa kile kichwa. Spana ya milimita 400 na kichwa cha milimita 40, ukitaka Nm 22, unaweka Nm 20. Ukikigeuza kikakaa pembe mraba na spana, huna haja ya hesabu. Ekstensheni iliyonyooka ya soketi haibadilishi kitu kwenye kazi ndogo kama hii.

Kufungua

Injini iwe ya baridi kabisa, imelala usiku mzima ikiwezekana. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Menifoldi ya alumini yenye urefu wa milimita 300 ikipanda nyuzi 80 inarefuka zaidi ya nusu milimita, wakati silinda hedi ya chuma cha kuyeyusha ya urefu huohuo inarefuka karibu robo milimita. Ukifungua au kukaza ikiwa ya moto, unashughulika na vyuma vilivyokwishavutana.

Toa waya hasi wa betri. Punguza presha ya mafuta kwenye reli ya injekta kabla hujagusa bomba lolote. Kama maji ya rejeta yanapita ndani ya menifoldi, kama ilivyo kwa injini nyingi za V, yatoe kwanza. Ukinyanyua menifoldi yakiwa ndani yataingia moja kwa moja kwenye oili.

Legeza mkanda wa supachaja, toa vishikizo vya pembeni, kisha fungua bolti kwa kuanzia za nje kuelekea katikati, kila moja robo mzunguko hadi zote zilegee. Chukua kadibodi, chora umbo la menifoldi, toboa matundu na uchomeke kila bolti mahali pake. Urefu wa bolti hutofautiana, na tofauti hiyo tutaihitaji baadaye.

Ukishanyanyua, ziba kila tundu kwa kitambaa safi, na uhesabu vitambaa. Washa ndogo, ile pete ya chini ya bolti, ikidondoka kwenye tundu la vali iliyo wazi, inafika juu ya pistoni. Supachaja nayo izibwe juu na chini: nafasi kati ya rota zake na ukuta ni ndogo mno, na kipande chochote kigumu kikipita hapo rota zimekwisha.

Nyuso na mashimo

Ondoa mabaki ya gasketi kwa kikwaruzo cha plastiki na dawa ya kulainishia gasketi. Diski za kusugulia za mashine zinavutia kwa sababu zina kasi, lakini zinachimba alumini na kumwaga vumbi gumu linaloishia kwenye bearing za krenki. Mimi sizikubali kwenye injini iliyo wazi, hata kama mtu ameziba matundu.

Futa uso kwa dawa ya breki na kitambaa kisichotoa nyuzi. Laza rula ya chuma iliyonyooka kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, kisha jaribu kupitisha fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi) chini yake. Ya milimita 0.1 ikipita, simama usome kikomo cha injini yako. Huenda menifoldi inahitaji kusawazishwa mashineni. Menifoldi iliyopinda hainyooshwi kwa bolti. Bolti zitaishusha, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya mbano wake itaishia kwenye kupambana na ule mpindo badala ya kuibana gasketi.

Mashimo ya bolti ndiyo sehemu inayopuuzwa kuliko zote. Mengi hayapenyi upande wa pili. Yakibaki na maji, oili au dawa ya kusafishia, bolti inapoingia inayagandamiza, na kwa kuwa kimiminika hakisinyai, chuma kinaweza kupasuka. Hata kisipopasuka, spana italia kabla menifoldi haijabanwa. Pitisha kisafisha meno ya shimo, siyo tapu ya kukatia, maana tapu huondoa chuma ambacho alumini haina cha ziada. Puliza kwa hewa ya kompresa ukiwa umevaa miwani na kitambaa kimezunguka shimo, halafu angalia kwa tochi.

Sasa zile bolti kwenye kadibodi. Safisha meno kwa brashi ya waya. Iliyovutika, yenye meno yaliyoliwa au kichwa kilichochakaa, badilisha kwa daraja lilelile la ugumu. Nane nukta nane ibaki nane nukta nane. Kisha fanya jaribio hili dogo, linaloumbua makosa mengi: ingiza kila bolti kwenye shimo lake kwa vidole, bila menifoldi, hadi igote. Pima kilichobaki nje. Kinapaswa kuwa kifupi kuliko unene wa menifoldi, gasketi na washa kwa pamoja. Kikiwa sawa au kirefu zaidi, bolti hiyo itagota chini ya shimo, spana italia vizuri kabisa, na menifoldi haitakuwa imebanwa. Pima na upande wa pili wa jambo hilo: kwenye alumini, meno yaliyoshikana yanapaswa kuwa angalau mara moja na nusu ya unene wa bolti, yaani milimita 12 kwa M8. Aliyebadilisha gasketi nene au kuongeza kipande cha katikati kwa ajili ya supachaja, mara nyingi anahitaji bolti ndefu kuliko za mwanzo.

Meno makavu au yenye oili?

Sehemu kubwa ya nguvu unayoweka kwenye spana, takriban asilimia 90, inaliwa na msuguano: chini ya kichwa cha bolti na kwenye meno. Asilimia 10 hivi tu ndiyo inayoivuta bolti na kuleta mbano. Ukipaka oili unapunguza msuguano, na ile torki ileile sasa inavuta bolti zaidi sana. Grisi ya kuzuia kutu inazidisha hali hiyo. Ndiyo maana bolti nane zilizokazwa kwa namba moja, nne kavu na nne zenye oili, zina mbano mbili tofauti.

Fuata kitabu. Kisiposema kitu, chukulia kwamba namba ni ya meno safi na makavu. Kikitaka gundi ya bolti, weka tone kwenye meno machache ya mwisho, kwenye bolti zote kwa kiasi kimoja. Bolti inayopenya hadi kwenye njia ya maji au ya hewa inahitaji dawa ya kuziba kwenye meno, la sivyo itavuja kupitia meno yenyewe na utaanza kuilaumu gasketi.

Kulaza gasketi na menifoldi

Laza gasketi kavu kwanza, bila kufunga, uangalie kama matundu yanalingana. Gasketi yenye ukingo wa mpira haitaki silikoni hata kidogo. Silikoni inaifanya iteleze pale inapobanwa. Mahali pa silikoni kwenye injini ya V ni kwenye kuta mbili za mbele na nyuma ya bonde (nafasi ya katikati ya silinda hedi mbili), na kwenye pembe nne ambapo silinda hedi inakutana na bloku. Mstari wa milimita 5 unatosha. Ile inayobubujika nje unayoiona imebubujika vilevile ndani, na vipande vyake vitaelekea kwenye chujio la pampu ya oili.

Tengeneza nguzo za kuongozea: chukua bolti mbili za zamani za ukubwa uleule, kata vichwa, zifunge kwa vidole kwenye mashimo mawili yaliyo mbalimbali. Menifoldi itashuka wima juu yake bila kuburuza gasketi. Kama supachaja na menifoldi ni kitu kimoja, uzito wake unahitaji watu wawili. Ukiishusha vibaya ikagusa upande mmoja, inyanyue tena kabisa. Usiisukume ikiwa imelala juu ya silikoni.

Kisha ingiza bolti zote kwa vidole kabla ya kukaza hata moja. Bolti inayokataa vidole inakuambia menifoldi haijakaa au meno yamepishana. Tikisa menifoldi taratibu mpaka iingie. Ukilazimisha kwa racheti, alumini itakubali, ila kwa kukatwa meno mapya.

Kukaza kwenyewe

Kanuni ni mbili: kutoka katikati kwenda nje, na kwa raundi. Ukianzia nje, unaifungia menifoldi ncha zote mbili huku katikati ikiwa imenyanyuka, na gasketi haina pa kutandazikia. Ukikaza bolti moja hadi mwisho kabla ya nyingine, menifoldi inainama upande huo na kukunja ukingo wa gasketi.

Tuseme ni injini ya silinda nne iliyonyooka, bolti nane za M8, torki ya mwisho Nm 22. Mstari wa juu uite A1 hadi A4, wa chini B1 hadi B4. Kama kitabu hakikutoa mpangilio, huu unafaa: A2, B3, A3, B2, A1, B4, A4, B1. Raundi ya kwanza weka Nm 8, ya pili Nm 15, ya tatu Nm 22. Raundi zote zifuate mpangilio uleule.

Vuta spana taratibu bila kushtua, mkono ukiwa katikati ya mshikio. Ikilia mara moja, acha. Kuna tabia ya kuiliza mara ya pili na ya tatu "kwa uhakika". Kila mlio wa ziada unaongeza kidogo, na anayeirudia kwenye bolti tatu za mbele tu ameshavuruga usawa.

Baada ya raundi ya tatu, rudia ya nne kwa Nm 22 ileile. Utashangaa. Bolti za A2 na B3, zilizokazwa mwanzo, zitazunguka kidogo tena kabla ya kulia. Hazikulegea zenyewe: ulipokaza za jirani, gasketi ilibanwa zaidi na zile za mwanzo zikapoteza sehemu ya mvutano wao. Zunguka hadi raundi nzima ipite bila bolti yoyote kusogea. Kwa menifoldi ya plastiki yenye vikombe vya chuma ndani ya matundu ya bolti hutaona hali hiyo sana, kwa sababu bolti inagota kwenye kikombe na mpira ndio unaofanya kazi ya kuziba.

Kwenye injini ya V, mpangilio ni jambo zito zaidi. Menifoldi pale haikai juu ya uso mmoja; inaingia katikati ya silinda hedi mbili kama kabari. Ukikaza upande wa kushoto wote kwanza, inavutwa kushoto, na upande wa kulia inapanda juu ya gasketi na kuacha nafasi chini ya matundu, mahali usipopaona. Kwa hiyo ruka kutoka upande hadi upande kila bolti: katikati kushoto, katikati kulia, na kadhalika kuelekea nje. Raundi ya kwanza iwe nyepesi sana, Nm 4 au 5, ili menifoldi ijitafutie yenyewe kitako. Baada ya hapo chungulia kwa tochi mbele na nyuma, ulinganishe nafasi ya kushoto na ya kulia. Zikitofautiana, legeza zote uanze upya. Bado ni mapema na hujaharibu kitu.

Kama unahisi bolti inazunguka lakini uzito hauongezeki, simama papo hapo. Meno yanaondoka. Usisubiri mlio, hautakuja. Shimo lililoliwa meno hurekebishwa kwa kutoboa, kukata meno mapya na kuingiza koili ya chuma ya ukubwa wa bolti ya awali. Ikifungwa vizuri hiyo koili hushika kuliko alumini yenyewe. Gundi na kamba za kujazia shimo havishiki kwenye menifoldi yenye presha.

Kuna bolti chache zinazokazwa kwa torki ndogo kisha kwa pembe, labda nyuzi 60 au 90. Hizo usizigeuze kuwa torki ya kawaida kwa kukisia, na mara nyingi hazitumiki mara ya pili.

Supachaja, vishikizo, mkanda

Ikiwa supachaja ni tabaka la pili, ifunge sasa kwa utaratibu uleule: nyuso safi, gasketi mpya, bolti zote kwa vidole, katikati kwenda nje, kwa raundi. Vishikizo vya pembeni vinafuata, na hapa angalia kitu kimoja. Kishikizo kinapaswa kugusa supachaja bila kuivuta. Kama kuna nafasi, jaza kwa washa nyembamba. Ukiziba nafasi hiyo kwa kukaza bolti, umeisokota nyumba ya supachaja na kunyanyua kona moja ya gasketi, baada ya kazi yote ile.

Mkanda uwe wa mwisho kabisa. Ukiufunga mapema, mvuto wake unaisogeza supachaja wakati bolti bado hazijabana.

Kupima kabla ya kukanyaga

Ziba mdomo wa kuingizia hewa kwa kifuniko chenye vali, ziba na bomba linalorudisha mvuke wa oili kwenye menifoldi, fungua throto (mlango wa hewa), kisha ingiza hewa ya kompresa kupitia kidhibiti presha. Bar 0.3 hadi 0.5 zinatosha, usipite kamwe presha ya kawaida ya supachaja yako. Pulizia maji ya sabuni kwenye maungio. Utasikia hewa ikivuma ndani ya injini kupitia vali zilizo wazi na ringi, na hiyo haikuhusu. Unachotafuta ni povu kwenye ukingo wa menifoldi.

Acha kabisa ule mtindo wa kupulizia petroli au dawa yenye kuwaka kwenye injini inayonguruma ili usikie mabadiliko. Bomba la eksozi liko karibu.

Kisha washa, na mashine ya kusomea kompyuta iwe imeunganishwa. Kwenye injini yenye sensa ya kupima kiasi cha hewa, uvujaji wa menifoldi una alama inayoeleweka: gari likiwa limesimama, kompyuta inaongeza mafuta, labda asilimia 10 au zaidi, kwa sababu hewa isiyopimwa inanyonywa; ukipandisha mzunguko, nyongeza hiyo inapungua. Chini ya presha hali hugeuka: hewa iliyopimwa inatoroka, mafuta yanakuwa mengi kuliko hewa, na nguvu inapungua. Injini isiyo na sensa hiyo, inayotegemea kipima presha, mara nyingi itazunguka juu kuliko kawaida ikiwa imesimama.

Kwenye V kuna uvujaji usiosikika nje wala kutoa povu: ule wa upande wa chini wa tundu, unaofungukia kwenye bonde la injini. Gari likiwa limesimama unanyonya mvuke wa oili, na moshi wa bluu unatoka bila sababu ya ringi wala sili za vali. Ukikanyaga, presha ya supachaja inaingia kwenye chumba cha krenki. Stiki ya kupimia oili inachomoka, na sili zinaanza kulowa moja baada ya nyingine. Nimeona watu wakibadilisha sili za krenki mbele na nyuma kwa tatizo lililokuwa juu, kwenye menifoldi iliyolala upande. Ukipima kwa hewa, toa kifuniko cha oili usikilize: mvumo mdogo ni wa ringi, mkubwa unaovuma mfululizo ni wa kutilia shaka menifoldi.

Kukaza tena, au kutokaza

Inategemea gasketi. Za karatasi ngumu au mchanganyiko wa nyuzi hushuka zikipata joto. Endesha gari kwa upole bila kuita presha, liache lipoe kabisa, kisha pitia bolti zote mara moja kwa torki ya mwisho, kwa mpangilio uleule. Za mpira zenye vikombe vya chuma hazihitaji. Na bolti zilizopakwa gundi usiziguse: ukizisogeza hata kidogo baada ya gundi kukauka umevunja mshiko wake, na itabidi kuitoa, kuisafisha na kuipaka upya.

Katika kupitia huko, bolti kusogea kidogo tu ni kawaida. Ikizunguka nusu mzunguko au zaidi peke yake wakati jirani zake zimetulia, itoe uangalie meno yake na kina cha shimo kabla hujaikaza tena.